Nani Amemgusa Bi Mkubwa?

Kocha alikuwa na mdomo. Hilo hakuna aliyelibisha, hata yeye mwenyewe. Mabega alikuwa nayo, kifua alikuwa nacho, lakini mdomo ndio uliotangulia kufika kila mahali, na mdomo huohuo ndio uliomponza.

Ukumbi aliofundishia mazoezi ulikuwa chumba kirefu nyuma ya kiwanda cha mikate. Sakafu ya saruji ilitandikwa mikeka ya mpira, na dirisha lilikuwa moja tu, tena bovu, halifungiki wala halifunguki sawasawa. Ukutani yalipangwa matufe, yale madude ya chuma ya mviringo yenye mpini juu. Wenye kusoma vitabu vya mazoezi huyaita ketobeli. Pale ukumbini yaliitwa matufe basi, isipokuwa moja. Lile la kilo ishirini na nane, jeusi, lililochubuka rangi tumboni, liliitwa Bi Mkubwa, na lilikaa peke yake kwenye kona ya mlangoni.

"Bi Mkubwa huyu," Kocha alimwambia kila mgeni aliyeingia, "namwamkia kila alfajiri kabla nyinyi hamjafumbua macho. Nambembeza mara thelathini. Nisipomwamkia, siku yangu haiendi."

Uongo mtupu! Kocha hakuwa amemgusa Bi Mkubwa kwa miezi kumi na moja, tangu alipopasuliwa ngiri. Wanafunzi hawakujua habari ya ngiri. Aliwaambia alikwenda kozi. Daktari alimpumzisha miezi mitatu, kisha akampima, akamwambia, "Umepona, bwana. Anza kidogo kidogo." Kocha akaanza, lakini kwa mdomo. Alisimama katikati ya ukumbi amekunja mikono kifuani, akawa anahesabu.

Kufundisha alijua, tusimnyime haki yake. "Muuza nyama, unachota maji kisimani? Acha mikono! Nyonga ndiyo injini, mikono ni kamba tu! Fundi cherehani, mgongo bapa, nataka niweke sahani ya wali juu yake! Tufe likipanda, toa pumzi!" Watu walitoka pale wamelowa jasho chapachapa, wakamsifu, naye akazipokea sifa bila haya.

Mwenye ukumbi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mfupi wa miwani minene, wote walimwita Madamu. Siku moja alisimama mlangoni akamtazama Kocha anavyohesabu, akamtazama tena, kisha akasema, "Kocha, hivi wewe mwenyewe unafanya lini?"

"Alfajiri, Madamu. Na Bi Mkubwa."

"Mbona hatukuoni?"

Hapo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Kocha akasema, "Leteni watu. Nitambembeza mara thelathini hadharani, bila kumweka chini."

Madamu akatoa kalamu papo hapo. Kesho yake tangazo lilibandikwa hadi kwenye mlango wa kiwanda cha mikate: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, Kocha na Bi Mkubwa, mara thelathini, wote mnakaribishwa. Na kwa sauti ya chini Madamu aliongeza, "Maana mimi sitaki kocha wa kuhesabu. Kuhesabu hata mimi najua, nimekufundisha miaka thelathini na mbili." Kocha akacheka. Alicheka kwa mdomo tu.

Zikawa zimebaki wiki tatu. Jumatatu iliyofuata alifungua ukumbi kama kawaida, akatundika funguo, akageuka. Kona ya mlangoni ilikuwa tupu. Bi Mkubwa alikuwa chini ya dirisha, upande wa pili kabisa.

Kocha alisimama akatoa macho. Ukumbi ulikuwa umefungwa, kitasa kizima, mlango mzima. Alitaka kuita mtu, mdomo ukafunguka, halafu ukajifunga wenyewe. Amuulize nani? Amuulize nini? "Nani amemsogeza Bi Mkubwa?" Na wao watamjibu, "Si ni wewe, Kocha? Si unambeba kila alfajiri?" Loo! Mtu amebanwa na uongo wake mwenyewe, wala hana pa kupumulia.

Na kumrudisha konani pia hakuweza. Alimzunguka mara mbili, akainama, akaushika mpini, na papo hapo akahisi lile kovu chini ya kitovu linamwita. Akauachia. Wanafunzi wakaja, wakamkuta Bi Mkubwa dirishani. "Leo umempeleka kupunga upepo?" akauliza muuza nyama.

"Ndiyo," akasema Kocha. "Joto."

Jumanne Bi Mkubwa alikuwa juu ya benchi. Jumatano alikuwa katikati ya ukumbi, mpini umevishwa taulo mithili ya bibi harusi. Wanafunzi walikufa kwa kicheko, wakamsifu Kocha kwa uchangamfu wake, naye akacheka nao huku jasho jembamba linamtoka kwapani.

Akaanza upelelezi. Kwanza alijifanya anakagua afya ya mikono. "Leteni viganja, nataka kuona sugu." Muuza nyama alikuwa na sugu, lakini hizo ni za kisu cha nyama. Fundi cherehani alikuwa nazo, dereva wa lori alikuwa nazo, hata Madamu, aliyepita tu kuchukua mwavuli wake, alinyoosha viganja na alikuwa na sugu moja, ya chaki. Siku ya pili alichukua chaki akachora duara kumzunguka Bi Mkubwa, amnase mwizi. Asubuhi alimkuta Bi Mkubwa yuko pembeni, na lile duara limetiwa macho mawili, pua, na mdomo unaocheka. Kocha alilifuta kwa kiatu haraka haraka kabla watu hawajafika.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, zamu ya asubuhi, mwanamke mwenye maneno machache na macho mengi. Pacha wao walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo jioni walikula wawili tu.

"Baba Pacha, Bi Mkubwa hajambo?" mkewe aliuliza, anamega chapati.

"Hajambo."

"Mwenzangu ana bahati. Kila alfajiri anakumbatiwa. Mimi bi mdogo naambulia mgongo tu."

"Mama Pacha, kula chakula."

"Nakula. Na hiyo thelathini ya Jumamosi, utaiweza?"

"Kwani mimi nani?"

"Ndiyo nauliza," alisema mkewe, akamwongezea mchuzi.

Ilipobaki siku moja, Kocha aliamua liwe liwalo. Mkewe alikuwa ameingia kuoga kujiandaa kwa zamu. Yeye akavaa harakaharaka, akatoka bila kuaga, akakimbia hadi ukumbini, akajifungia kwa ndani na kujibanza kwenye stoo ya mikeka, mlango umeachwa wazi kidogo. Kulikuwa kunapambazuka. Harufu ya mikate ilipenya dirishani, na njaa ikamuuma, akajikaza.

Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa. Akaingia mtu. Alikuwa amevaa sare nyeupe ya hospitali na raba miguuni, mkoba begani. Akatundika mkoba kwenye msumari uleule anaotundika Kocha funguo, akakunja mikono ya sare, akamwendea Bi Mkubwa.

Mama Pacha!

Kocha alitaka kuruka pale pale, miguu ikakataa. Mkewe alisimama, nyayo upana wa mabega, akarudisha makalio nyuma, mgongo bapa, akamshika Bi Mkubwa kwa mikono miwili, akamvuta nyuma katikati ya mapaja, kisha nyonga ikapiga! Bi Mkubwa akapaa hadi usawa wa kifua, akarudi, akapaa. "Nyonga ndiyo injini," mwanamke alikuwa anajisemea chini chini, "mikono ni kamba tu." Yalikuwa maneno yake Kocha, neno kwa neno, mpaka ile lafudhi yake ya kujidai. Miaka yote Kocha aliyokuwa akiyakariri masomo yake bafuni, kumbe darasa lilikuwa na mwanafunzi upande wa pili wa mlango.

Hasira ilimpanda, lakini ualimu ukaiwahi. Alimkagua. Shingo nzuri. Magoti mazuri. Visigino havijanyanyuka. Loo, mtu huyu anajua! Mara ya kumi na mbili, kumi na tatu, akaona kosa: mwanamke amebana pumzi, uso unaiva. Kumi na nne, bado amebana. Kocha hakuweza kuvumilia.

"Toa pumzi!" ikamtoka kutoka stoo.

Mkewe hakupiga kelele. Alitoa pumzi, akamaliza lile aliloanza, akamweka Bi Mkubwa chini taratibu kwa mgongo bapa, ndipo akageuka. "Toka huko, utaumwa mafua na hilo vumbi."

Kocha akatoka, ana nyuzi za buibui kichwani. "Wewe! Wiki tatu unanichezea shere!"

"Wiki tatu nakusubiri uniulize. Nilisema ukimkosa Bi Mkubwa utakuja nyumbani useme, mke wangu, limenifika jambo. Wapi! Ukachora duara."

"Na lile taulo? Na yale macho?"

"Hayo nilikuwa najifurahisha," alisema mkewe bila kupepesa jicho.

"Na hii nguvu umeitoa wapi?"

Mkewe akakaa kwenye benchi. "Ulipotoka hospitali, nani alikuwa anakuinua kitandani? Siku kumi na nne, Baba Pacha, peke yangu, usiku na mchana, na wewe ni gogo. Mgongo ukaniuma nikalia jikoni usinisikie. Nikasema sitamwinua tena mtu bila kujua anavyoinuliwa. Nikachonga ufunguo. Nilianza na lile dogo, kila nikielekea zamu. Ni miezi tisa sasa." Akamnyooshea viganja. Sugu nne kila kiganja, zimejipanga. Kocha alikuwa amekagua mikono ya mji mzima, hii hakuikagua.

Akakaa chini, kwenye mkeka. "Basi kesho niseme naumwa," alisema. "Uniandikie karatasi."

"Sikuandikii. Daktari alisema umepona, nilikuwepo."

"Daktari hana kovu langu!" Sauti ikampasuka. "Naogopa, Mama Pacha. Nikiinama tu naogopa. Naona litachanika, nitaanguka mbele za watu, nitarudi kitandani kugeuzwa geuzwa. Mimi! Haya, nimesema. Cheka."

Mkewe hakucheka. Alimtoa nyuzi za buibui kichwani, moja moja, kisha akatazama saa. "Nimechelewa zamu," akasema. "La kesho ni lako. Mimi simo."

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Waoka mikate walikuja na aproni na trei zao, muuza nyama alikuja na mama yake mzazi, na watoto walining'inia dirishani. Madamu alikaa kiti cha mbele na daftari. Mama Pacha alikaa safu ya pili, gauni la kutokea, hereni, mkoba magotini, mtazamaji mwema asiyejua lolote.

Kocha akasimama kando ya Bi Mkubwa. Mlango ulikuwa hatua sita, alizihesabu.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ni mwongo."

Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe.

"Bi Mkubwa sijamgusa mwaka unakwisha huu. Kozi sikwenda, nilipasuliwa ngiri. Nilipona, nikabaki na woga, nikauficha kwa maneno. Madamu, andika." Madamu hakuandika, alivua miwani. "Lakini Bi Mkubwa kila alfajiri anabebwa kweli. Anabebwa na mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Yule pale, mwenye hereni."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Pacha, aliyesema hayumo, akamtupia mumewe jicho ambalo lingekausha nguo. Kocha akainua mabega. Na yeye alikuwa anajifurahisha.

"Mungu wangu, huyu mama?" akasema mama yake muuza nyama.

Hilo "huyu mama" ndilo lililomwinua Mama Pacha. Alimpa Madamu mkoba, akavua viatu vya visigino, akalifunga gauni fundo pembeni, akaja katikati peku. Alisimama. Alimvuta Bi Mkubwa nyuma. Nyonga ikapiga.

"Moja!" Kocha akahesabu, na watu wakadakia. "Mbili! Tatu!" Kumi ikapita, ukumbi unatikisika. Kumi na tano, hereni moja ikaruka. Ishirini, waoka mikate wanapiga trei. "Toa pumzi!" Kocha akasema, na mkewe akatoa. Ishirini na tano, nywele zimefumuka, mgongo bado bapa, na Kocha anahesabu huku machozi yanamtiririka wala hayafuti. Ishirini na saba! Ishirini na nane! Ishirini na tisa!

Mama Pacha akamweka Bi Mkubwa chini.

Kelele zikakatika. Kila mtu alijua kuhesabu, na Madamu kuliko wote.

"Bado moja," akasema Madamu.

"Najua." Mwanamke alikuwa anahema, mikono kiunoni. "Tangazo limeandikwa Kocha. Hiyo ni yake."

Kocha akamtazama mkewe, akamtazama Bi Mkubwa. Kovu likaita. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemcheka. Akasogea. Akapanga nyayo. Akainama akaushika mpini, bado una joto la viganja vya mkewe.

"Naogopa," akanong'ona.

"Naona," alisema mkewe, akachuchumaa kando yake, akaweka kiganja chenye sugu juu ya mgongo wake. "Umepinda hapa. Nyoosha. Hapo hapo. Sasa vuta."

Akavuta.