Sarafu Iliyokohoa

Kikohozi kilitoka chini ya kitanda, kikavu na cha adabu, kama cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Umeme ulikuwa umekatika kabla hawajamaliza kula, na Mama Njugu alikuwa bado anapapasa kutafuta kiberiti.

"Nani huyo?" akauliza Njugu, binti yake wa miaka sita.

"Sarafu."

"Ina kifua?"

"Inaelekea. Kula."

Mama Njugu alivuta kopo la majarini kutoka uvunguni, akalifungua ili sarafu ipate hewa. Alikuwa amehitimu masomo ya jioni na kukubaliwa chuo cha uuguzi, kwa hiyo alijua kwamba mwenye kifua hafungiwi mahali pasipo na hewa. Kikohozi kikapungua. Wakamaliza kula.

Sarafu ile ndiyo iliyokuwa ada ya chuo.

Mama Njugu alikaa kwenye mizani dukani kwa sonara. Watu walileta dhahabu, yeye akapima na kuandika stakabadhi, Bosi akalipa. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua: pambo au chakavu. Kisichovalika kilikuwa chakavu. Pete iliyokatika ilikuwa chakavu, jino la dhahabu lilikuwa chakavu, na sarafu iliyopigwa chapa kabla babu yake Bosi hajazaliwa nayo ilikuwa chakavu, ikalipwa kwa gramu. Kisha Bosi aliitia kwenye droo yake, na mwisho wa mwezi mnunuzi wa sarafu adimu alikuja na lenzi yake shingoni, akailipia bei nyingine kabisa. Droo hiyo ilikuwa na kelele. Humo kuna aliyepiga miluzi, kuna aliyesali, kuna aliyegombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja. Ndiyo maana redio ya duka haikuzimwa.

Wafanyakazi waliruhusiwa kununua chakavu kwa bei ya gramu wakatengeneze hereni. Kwa miaka mingi Mama Njugu hakuthubutu. Lakini masomo ya jioni yalikuwa yamemzoesha kusoma kila kilicho mbele yake, hata orodha ya bei ambayo mnunuzi aliisahau kaunta. Humo aliona sarafu yenye tai wa bawa moja. Mchongaji alikosea, zikapigwa mia mbili kabla ya mtu kugundua. Siku bibi mmoja mjane alipoleta ya namna hiyo, Mama Njugu aliitambua. Aliandika chakavu. Jioni akainunua kwa akiba yake yote, na Bosi, ambaye hakuwa amevaa miwani, akamtania: "Hiyo hereni ya sikio moja, Mama Njugu. La pili utaziba kwa pamba?"

Jumatano aliipeleka kwa mnunuzi, ofisini kwake juu ya duka la matairi. Mnunuzi aliangalia bawa, akaangalia ukingo, akashukuru kwamba haikusuguliwa kwa majivu, maana wengi hutaka ing'ae na kumbe wanaiua bei. Sarafu ikakohoa.

"Kikohozi kinapunguza bei?" akauliza Mama Njugu.

"Hapana, dada. Mkwaruzo ndio unapunguza. Kikohozi wateja wangu hawakisikii, wanaziweka nyuma ya kioo kinene."

Akataja bei. Ilitosha ada ya miaka yote mitatu, sare, na kodi ya chumba cha pili. Mwisho wa kulipa ada ulikuwa Ijumaa. Mama Njugu akashika kalamu atie sahihi, na sarafu, ikiwa imemaliza kukohoa, ikasema kwa sauti ya mzee: "Mke wangu, chai hii imepoa."

Akaiweka kalamu chini. "Naomba hadi kesho."

"Kesho bei ni ile ile," akasema mnunuzi. "Wote huomba kesho. Kisha hurudi."

Alasiri hiyo, nyumbani kwake, yule mjane alikuwa anaanika nguo. Alipomwona Mama Njugu, uso ukambadilika. "Mtu wa mizani! Niliweka kidole pabaya kwenye stakabadhi?"

"Hapana. Shikamoo, bibi." Mama Njugu akaweka sarafu juu ya kigoda. Ikakohoa.

"Marahaba. Ndiye huyo," akasema mjane, akibana shati kwenye kamba. "Hapa alikuwa kimya. Ugenini ndiko husumbua watu. Hata alipokuwa hai, akilala kwa wenyewe, nyumba nzima hailali."

"Bibi, ulipunjwa." Akamtajia bei ya mnunuzi, bila kupunguza hata senti.

Mjane akakaa chini. "Na zile nne nilizowauzia kabla ya hii?"

"Zimeshauzwa."

"Nazo zilikuwa chakavu?"

"Niliandika mimi, bibi."

Sarafu ikarudia habari ya chai. Mjane akainuka, akachemsha maji, akamimina vikombe vitatu.

"Zile pesa za gramu nilinunulia bati," akasema. "Siwezi kukung'olea bati, mwanangu."

"Sikuja kudai."

"Na huyu siuzi tena. Huko kwenye vioo nani anajua anapenda sukari mbili?"

Mama Njugu alikunywa chai yake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Ijumaa ikapita. Chuo kilimpa nafasi yake mtu mwingine, kwa barua ya heshima iliyomkaribisha aombe tena mwakani. Akaisoma mara mbili, akasema mwakani si mbali.

Jumatatu alikuwa kwenye mizani. Alijaribu kuongeza neno la tatu kwenye stakabadhi, kwa mkono: sarafu. Bosi aliichana bila hasira. "Sonara hanunui sarafu, Mama Njugu. Ananunua dhahabu. Usinitafutie maneno."

Mchana shule zilifungwa mapema, na Njugu akawa amekaa chini ya kaunta akichora. Akaingia mzee mmoja, akafungua fundo la leso. Sarafu yake ilikuwa inahesabu mishono kwa sauti ya kike, taratibu: mbili juu, moja chini, mbili juu.

Mama Njugu akainama. "Babu, usiuze hapa," akanong'ona. "Kuna mnunuzi mwingine, amesafiri, atarudi mwisho wa mwezi."

"Mwanangu, dawa nazitaka leo."

Akapima. Akaandika chakavu. Mzee akaweka dole gumba, akahesabu noti zake, akazikunja ndani ya leso. Bosi akafunga droo, akaongeza sauti ya redio. Mzee alipofika mlangoni, Njugu alitoka chini ya kaunta, akapaza sauti kuishinda redio:

"Babu, umemwacha bibi kwenye droo."