Miwani Ikiwa Mkononi Mwangu

Miwani ya binti yangu ilikuwa mkononi mwangu, na binti yangu alikuwa ndani, nyuma ya mlango wa kioo, akijieleza kwa koti.

Si mzaha. Koti jeupe la kazini lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na Kitinda wangu amesimama mbele yake kifua mbele, meno ya juu yote nje, hapepesi hata ukope. Mwenye koti, Fundi Miwani, alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha kuzunguka, akimsikiliza mtoto akiliambia koti kwamba yeye ni mchapakazi asiyechoka.

Mama mwenzangu, usicheke kwanza. Ngoja nirudi nyuma.

Duka lile tuliingia mara ya kwanza Kitinda akiwa na miaka saba, enzi zile alipokuwa akisoma kwa pua, kitabu kimegusana na uso. Fundi alimvika fremu ya chuma, akawa anatumbukiza kioo kimoja, anatoa, anatumbukiza kingine. Ghafla mtoto akanigeukia, akanitazama kutoka paji la uso hadi kidevu, kama anayesoma.

"Mama," akasema, "kumbe una mwanya!"

Miaka saba namlea, namwimbia, nacheka naye, na mwanya wangu hajawahi kuuona. Fundi alicheka mpaka akaweka koleo chini. Tangu siku hiyo Kitinda hakutaka kuwa daktari wala rubani. Alitaka kusaga vioo. Akitoka shule anapitia pale, anasimama mlangoni, anatazama gurudumu likizunguka. Fundi akamwambia, "Ukimaliza sekondari, njoo. Nitahitaji mwanafunzi mmoja wa kazi." Mmoja tu. Nikamwomba Mungu anipe uhai niione siku hiyo.

Kabla ya siku hiyo, akaja Bwana Fursa.

Jina hilo walimpa wanafunzi wenyewe, kwa kuwa hakuweza kumeza mate bila kutaja fursa. Manukato yake yalitangulia kuingia darasani, kisha viatu vyenye ncha, mwisho kabisa ndiyo yeye. Shule ilimleta awafundishe watoto wa mwaka wa mwisho biashara na kutafuta ajira. Siku ya kufunga mafunzo wazazi tuliitwa tukashuhudie. Nikamkuta mwanangu amesimamishwa juu ya dawati pamoja na wenzake, wanapiga kelele: "Mimi ni bidhaa! Ninunue!"

Nilizaa mtoto, mie. Sikuzaa sabuni.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Hiyo imepitwa na wakati, mama yangu. Siku hizi ni kujitembeza."

"Na wewe uliajiriwa wapi?"

"Mimi nimejiajiri."

"Kufanya nini?"

"Kuwafundisha watu kuajiriwa."

Wazazi wakapiga makofi! Nilitazama huku na huku kama kuna mwenzangu aliyesikia nilichosikia. Hakuna. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mto anauza ramani ya ng'ambo, na watu wazima wanamshangilia.

Na sheria zake je? Usiseme "sijui", hilo ni neno la walioshindwa. Usitaje habari za kwenu, mwajiri si shangazi yako. Usipepese macho, kupepesa ni woga. Na wenye miwani wavue, kwa sababu miwani ni ukuta kati yako na mwajiri.

Kitinda alizimeza zote kama dawa. Nyumbani nikimpakulia chakula ananiambia, "Nashukuru kwa nafasi ya kula nanyi." Kaka yake akasema, "Huyu akimaliza kunawa atatupa risiti." Tukacheka.

Asubuhi ya usaili nikamwambia, "Mwanangu, unakwenda duka la miwani. Vaa miwani yako."

"Mama, mambo haya wewe hukuyasoma."

Akaivua, akaniwekea kiganjani. Kweli, mimi niliishia shule ya msingi. Lakini hata kuku hatafuti punje akiwa amefumba macho. Nikamfuata nyuma, roho mkononi, miwani mkononi.

Wenzake watano walikuwa wametangulia. Fundi alichungulia mlangoni akaninong'oneza, "Mama, shuleni kwao kuna ugonjwa wa macho? Wote leo hawapepesi, machozi yanawatoka." Kisha akamwita Kitinda, akarudi kitini kwake. Kitinda akaingia, akaliendea koti.

"Binti, niko huku."

Akageukia sauti, mkono mbele. Mkono ukapita kando ya bega la Fundi.

"Kwa nini unataka kazi hii?"

Nikawa nimebandika paji la uso kwenye kioo cha mlango. Sema mwanya, mwanangu. Sema tu mwanya.

"Nina shauku ya kuifikisha taasisi yako kwenye viwango vya kimataifa."

Taasisi yenyewe ni viti viwili, mashine ya kusagia vioo, na ubao wa herufi.

"Miwani niliyokutengenezea iko wapi?"

"Mimi sihitaji miwani, mheshimiwa. Mimi naona fursa."

Fundi akaokota kitu mezani, akakishika kwa ncha za vidole viwili, akakiinua.

"Nimeshika nini?"

Sijui. Sioni. Lolote kati ya hayo lingemwokoa, maana mzee yule alikuwa anamwachia mlango wazi.

"Umeshika mafanikio yangu, mheshimiwa."

"Nimeshika skrubu," Fundi akasema, taratibu, kama anayempa mtu pole. "Kazi yetu yote hapa ni kuziona hizi."

Nafasi alipewa msichana aliyeingia baada yake, ambaye wakati wote wa mafunzo alikuwa kwao, mashavu yamevimba kwa matubwitubwi. Nasikia Bwana Fursa siku hizi anazunguka shule nyingine, manukato mbele, yeye nyuma. Akifika ya kwenu, mama mwenzangu, mwambie mwanao anaumwa. Hata kama haumwi.

Siku ile Kitinda alitoka ndani akiwa bado anatabasamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yangu. Akaja moja kwa moja, akaninyooshea mkono.

"Asante kwa nafasi hii," akaniambia. "Nimejifunza mengi."

Nikaupokea mkono wake. Ulikuwa umelowa jasho. Sikuuachia mpaka nilipoikunjua miwani kwa mkono wa pili, nikamvika, sikio moja, kisha la pili.

Akapepesa. Akapepesa tena. Akaanza kunisoma uso kutoka juu, polepole, nami nikajikaza nitabasamu, ili akifika mdomoni aukute mwanya mahali pake.