Tombola ya Mabati ya Materniti

Sheria ya tombola naijua mimi. Katika kijiji chetu, nusu siku kwa pikipiki kutoka Kabambare, hakuna mwingine aliyeijua, na nilihakikisha watu hawasahau hilo. Nimefundisha darasa la sita miaka ishirini na minane. Chama cha akina mama kiliponifanya katibu, niliwaambia hatutauza hata biye moja, hata tiketi moja ya bahati nasibu hiyo, kabla ofisi ya teritwari, wilaya yetu, haijatupa ruhusa. Walinung'unika, wakasubiri.

Tulitaka mabati ya materniti, nyumba yetu ya kujifungulia, maana mvua ilikuwa inawanyeshea wazazi vitandani. Zawadi ya tombola ilikuwa mbuzi. Barua ya ruhusa ilipofika, sharti lilikuwa wazi: fedha ni za mabati, si za kitu kingine, na barua ibandikwe mahali pa kuonekana na wote. Niliisoma kwa sauti, Kifaransa kisha Kiswahili, halafu nikaibandika mwenyewe kwenye mlango wa materniti kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ilishika kweli.

Aliyeuza biye nyingi kuliko wote alikuwa Dieudonnée, jirani yangu, mimba ya miezi minane na mdomo usio na breki.

"Baba, nunua," aliwaambia wachimba dhahabu waliopita kwenda Salamabila. "Ukikosa mbuzi, utakuya kula sombe kwangu."

Walinunua wakicheka, na fedha zikaingia kwenye sanduku nililolitunza kwangu. Nilimpenda sana yule msichana.

Wiki moja baada ya mbuzi kupata mwenyewe, mabati yakiwa bado hayajanunuliwa, Dieudonnée alishikwa na uchungu alfajiri. Jua lilipotoka mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe Kabambare akapasuliwe. Bulaimu, mwenye pikipiki, hakuwa na tone la mafuta, na muuza mafuta wetu hakopeshi mtu. Fabrice, mume wa Dieudonnée, alikuja kwangu mbio.

"Mama Régina, makuta iko. Iko mu sanduku yako."

"Fedha ile ni ya mabati, mwanangu. Sheria inakataza. Watafunga chama."

"Mutu iko anakufa!"

"Tutachangisha. Mimi naanza."

Nikatoa yote niliyokuwa nayo. Tukapita nyumba kwa nyumba, huyu anatoa noti, huyu kopo la karanga ambalo lazima kwanza liuzwe. Saa nane mchana Bulaimu aliondoka, Dieudonnée katikati, Fabrice akimshikilia kwa nyuma. Hawakufika. Walimrudisha kwa pikipiki ile ile, na mtoto tumboni mwake.

Watu hawakunilaumu. Walilaumu sheria, nami nikawaacha wailaumu. Nililia, lakini usiku nililala. Nasema ukweli.

Mabati yalipopigwa, ofisi ilitaka ripoti pamoja na barua yenyewe. Nikaulowesha mlango, nikaibandua polepole kwa kisu. Nyuma kulikuwa na maandishi. Mistari mitatu tu: maisha ya mtu yakiwa hatarini, chama kinaweza kutumia fedha hizo, wanachama watatu watie sahihi, ofisi iarifiwe baadaye. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kutogeuza karatasi ya mtihani, sikuigeuza.

Ningeweza kuirudisha kimya kimya. Nilikwenda kwa Fabrice. Nilimkuta anamenya muhogo, kazi ya mke wake. Nikamsomea. Akaomba nirudie, nikarudia mara tatu.

"Nilikuwa nachukia hii barua," alisema. "Kila siku nilitaka kuichoma. Kumbe ilikuwa inakubali."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa nitachukia nani, Mama?"

"Mimi."

Alimenya muhogo mmoja, akachukua mwingine. Nilitamani anitukane, anirushie hata maganda. Mwishowe alisema kwa upole, bila kuniangalia:

"Wende upeleke barua yao, mwalimu. Usichelewe."