Chumba Kisicho na Dirisha

Wazo la kwenda Goa kwa meli lilikuwa la mume wangu, Nanik. Alisema mama yake amepika tangu akiwa msichana, sasa na yeye akae mezani apikiwe, atazame bahari, asiguse hata upawa. Mama, yaani mama mkwe wangu Jamna, alimsikiliza huku anaanika papadi, vile vikaki vyembamba vya dengu, darini, hakujibu ndiyo wala hapana. Kaka yake, Mjomba Tahilram, anaishi karibu nasi hapa Ulhasnagar, nje kidogo ya Mumbai, naye tukamwalika. Akasema atakwenda kama Jamna anakwenda. Jamna akasema atakwenda kama kaka anakwenda. Nanik akachukulia kwamba hizo ni ndiyo mbili.

Basi tukaenda wote kwa wakala wa safari, mtu mmoja anaitwa Gopi, ofisi yake iko juu ya duka la suruali za jinzi. Akatutandikia mezani picha ya meli iliyopasuliwa ubavu kama keki, ghorofa juu ya ghorofa. Juu kuna vyumba vyenye baraza, mtu anakunywa chai miguu imeelekea baharini. Katikati kuna vyenye dirisha. Na chini, ndani kabisa, kuna vyumba visivyo na chochote. Hivyo, alisema Gopi, huwa wanachukua vijana, maana wao huingia kulala tu.

Nanik akaweka kidole juu kabisa. Mama hapa, Mjomba jirani yake, sisi na binti yetu Disha pale mbele.

"Mimi nataka huku chini," Mama akasema.

Gopi akatabasamu kwa adabu. "Mama, huku chini ni kama ndani ya kabati. Ukizima taa hujui mchana wala usiku."

"Ndiyo huko huko."

Nanik alidhani Mama anamwonea huruma kwa gharama, akaanza kumbembeleza. Mama hakubishana. Alikuwa ameshika ncha ya ile picha, anaitazama sehemu ya chini kama mtu anayetafuta nyumba yake kwenye ramani. Ndipo Mjomba akauliza kama katika chumba hicho mtu anaiona bahari. Gopi akamwambia hata tone haoni.

"Basi na mimi niandikie huko."

Kilikuwa kimebaki kimoja tu. Kina vitanda viwili, na cha tatu cha kukunja kilichofungwa ukutani kwa juu. Wazee wakaanza kukigombania mbele ya wakala. Mjomba akamwambia dada yake aende juu akapate hewa. Mama akamwambia hewa aende kuitafuta yeye anayekoroma. Disha, aliyezoea kuwatania, akasema babu na bibi walale chumba kimoja kama walipokuwa watoto, wamalize ugomvi. Wote wawili wakatazamana ghafla. Sikuupenda mtazamo ule. Ulikuwa wa watu wawili waliokutana kwenye mlango ambao kila mmoja alidhani anaujua peke yake. Gopi akawaandikia wote wawili chumba kile.

Ikaja habari ya chakula. Gopi alieleza kwamba mnaweza kula ukumbi wa kujipakulia, saa mnayotaka, kiti mnachotaka, au mkachukua meza ya kudumu, ambayo mtakaa hapo hapo kila jioni na mhudumu wenu ni yule yule. Mimi na Nanik tulitaka kujipakulia. Disha alishaanza kuhesabu aina za vitamutamu. Mama akasema hapana, meza ya kudumu.

"Kwa nini, Mama?" Nanik akauliza. "Tutafungwa bure."

"Tukihamahama, mtu akitutafuta atatupata wapi?"

"Nani atutafute? Sote tuko humu."

Nanik akaandikisha meza ya kudumu, akashuka ngazi amenuna.

Mimi ndiye niliyepanga nguo za Mama, na wakati ule ndipo nilipomuuliza kwa nini anataka kulala kule chini. Sikutegemea jibu. Katika miaka yangu yote ndani ya nyumba ile nimemzoea kama mtu anayesema mambo ya jikoni na ya hekaluni basi. Lakini alikaa kitandani, akaweka shali mapajani, akaniambia.

Nchi ilipokatwa vipande viwili mwaka 1947, Karachi ikaangukia upande wa pili, watu wetu waliondoka huko kwa meli kuja Bombay, hii Mumbai ya leo. Hilo kila nyumba ya mtaa wetu inalijua, na kila nyumba ina namna yake ya kutolizungumza. Familia ya Mama ilipewa nafasi ngamani, kule chini wanakopakia mizigo, katikati ya masanduku na masufuria na watu wanaotapika. Mama alikuwa na miaka saba hivi. Mjomba alikuwa mvulana anayeanza kuota ndevu. Na alikuwepo mwingine, mdogo wao wa kike, ambaye sikuwahi kumsikia. Aliitwa Popati, alikuwa hajatimiza miaka minne, na alikuwa na homa.

Mama alilala naye ndani ya shali moja, Popati upande wa ukuta wa chuma, akimpumulia shingoni. Alipoamka, upande ule ulikuwa mtupu. Alimuuliza mama yake, mama yake akageuza uso. Alimuuliza baba yake, akaambiwa ale. Wakashuka Bombay wanne, na tangu siku hiyo jina lile halikutajwa tena, si kwenye harusi, si kwenye msiba.

"Atakuwa alifariki, Mama," nikamwambia polepole.

"Najua alifariki, mwanangu. Mimi si mwehu. Lakini sikumwona akitoka. Kwa macho yangu, yule mtoto bado yuko chini."

Nikakunja nguo zilizobaki. Sikumwambia Nanik. Ilikuwa siri ya mama yake, wala si mimi wa kuitoa.

Meli yenyewe ilikuwa kama jengo la maduka linaloelea. Kulikuwa na muziki, watoto wa kila mtu wanakimbizana, lifti zenye vioo. Tuliwashusha wazee chumbani kwao. Ulikuwa mwendo mrefu wa vijia vyenye zulia, kila kona inafanana na iliyopita, na kadiri tulivyoshuka muziki ulififia, tukaanza kusikia mashine ikinguruma chini ya miguu. Mama aliingia, akagusa ukuta kwa kiganja, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akamwomba mhudumu wa vyumba akishushe kile kitanda cha tatu. Mhudumu akauliza kama kuna mgeni mwingine. Mama akasema akishushe tu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kitanda chake na viatu vyake, anatazama sakafu.

Jioni ile tukaenda mezani kwetu, pembeni, karibu na nguzo. Mhudumu alikuwa kijana wa Goa anaitwa Bosco, mcheshi, mwepesi. Tulikuwa watu watano kwenye meza ya sita. Tulikula vizuri, hata Mama alisifu wali. Bosco alipoondoa sahani akarudi na kikombe kidogo cha maziwa ya moto, akakiweka mbele ya kile kiti kitupu, kati ya Mama na Mjomba.

Nanik akamwambia hatukuagiza.

"Ni ya mtoto," Bosco akasema. "Alikuwa hapa sasa hivi, ameegemea kiti cha bibi. Nikasikia anakohoa. Kaenda wapi?"

Ukumbi ulikuwa umejaa watoto, na yeyote angeweza kuja kuegemea kiti chetu. Nanik alisema hivyo hivyo, akacheka. Bosco akaomba radhi, akanyoosha mkono achukue kikombe. Mama akamzuia. Akakisogeza karibu zaidi na ukingo wa meza, pale mkono mfupi ungekifikia. Uso wake ulikuwa umetulia, nathubutu kusema ulikuwa na furaha.

Mjomba aliweka kijiko chini, akainuka, akatoka bila kuaga. Disha alimkimbilia, akamkuta anapotea kwenye vijia vile, anafungua milango isiyo yake.

Kesho yake Mjomba hakutoka chumbani, na Mama akabaki naye. Nanik alisema ni kichefuchefu cha bahari. Mchana nilimpelekea wali na mtindi pamoja na dawa zake. Nikagonga, kimya. Nikaufungua mlango kwa kadi ya chumba chao niliyokuwa nayo, nikaingia, ukajifunga nyuma yangu, nikajikuta ndani ya giza ambalo sijapata kuliona. Juu jua lilikuwa linawaka, watu wanaogelea. Humu hata mkono wangu sikuuona.

Nikasimama na sinia, naogopa kujikwaa. Nikasikia wanavyopumua. Mjomba ana pumzi nzito, inayokwama kooni. Mama ana mluzi kidogo puani, naujua, nimemuuguza. Na ikawepo ya tatu, fupi fupi, ya haraka, ya kifua kidogo chenye joto. Ilitoka usawa wa kiuno changu, wala haikutoka kwenye kitanda cha juu. Nikabana pumzi yangu nisije nikawa najisikia mwenyewe. Ikaendelea. Kisha ikakohoa.

Nikapapasa ukuta nikawasha taa.

Walikuwa wawili tu. Wote macho. Mama alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda chake, ameacha nafasi upande wa ukuta. Mjomba alikuwa ameketi, jasho linamtiririka.

"Umemsikia?" akaniuliza.

Nilitaka kusema sikusikia kitu. Badala yake nikaweka sinia chini.

"Amemsikia," Mjomba akamwambia dada yake. "Jamna, mimi siwezi tena."

Nikafanya kama nataka kutoka, Mama akanionyesha nikae. Nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni, na Mjomba akasema yote, hasa akiliambia zulia.

Alisema baba yao ndiye aliyegundua kwamba Popati hapumui. Wengine wote walikuwa wamelala. Baharia mmoja alikuwa amepita na kuonya kwamba wenye maradhi watazuiwa bandarini na familia zao, kwa hiyo lolote lifanyike kabla ya mapambazuko. Baba yao alijaribu kumnyanyua Popati, akashindwa. Akamwamsha mwanawe.

"Nikambeba mimi," Mjomba akasema. "Ngazi ile yote. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa bega lake la kushoto. "Nikamwambia baba, mbona ana joto. Akaniambia, panda. Nikamwambia tena, baba, bado ana joto. Akaniambia nisiseme tena neno hilo. Tukafika juu. Nikamtoa mikononi mwangu mimi mwenyewe. Sikusikia hata alivyofika majini, meli ilikuwa na kelele."

Mashine ilinguruma chini yetu.

"Alikuwa na joto, Jamna. Miaka yote hii sijui nilichokitupa."

Alikuwa amezeeka vile, mwenye wajukuu, na alikuwa anamtazama dada yake kama mtoto anayesubiri kupigwa. Sasa nikaelewa kwa nini hakutaka chumba chenye bahari. Mama alikuwa anasugua viganja vyake polepole, kimoja juu ya kingine.

"Ulimtoa wapi?" akauliza mwishowe.

"Kwako. Ulikuwa umemkumbatia. Ilibidi nifungue vidole vyako."

"Ndani ya shali."

"Ndani ya shali."

"Basi lile joto lilikuwa langu," Mama akasema. "Nililala naye usiku kucha, kaka. Lile ulilolisikia lilikuwa langu."

Mjomba akaweka uso kwenye viganja, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mvulana. Mama akavuka nafasi ile ndogo kati ya vitanda, akakaa karibu naye, wala hakumgusa. Mimi mpaka leo sijui kama Mama aliyaamini aliyoyasema au aliyapata pale pale kwa ajili ya kaka yake. Sijamuuliza.

Asubuhi iliyofuata Mama aliomba jikoni wali mkavu na sukari kidogo, akaufunga kwenye leso. Tukapanda sitahani, yeye, Mjomba na mimi. Mlinzi alitukataza kutupa kitu baharini, nikamshughulisha kwa maneno huku wazee wanasogea kwenye ukingo. Mjomba alifumba macho. Mama akamshika kidole, akasubiri, hakumharakisha, mpaka akafumbua. Wakamwaga wali pamoja. Mama akaliita jina lile kwa sauti, Popati, mara moja tu, kama unavyomwita mtoto aje kula. Upepo ulikuwa mkali na punje nyingi zilirudi, zikatuingia nyweleni.

Tulishuka Mumbai siku ya Jumapili. Nanik alikodi gari kubwa, Mjomba akalala mara tulipotoka bandarini, mdomo wazi. Mama alikuwa anatazama nje. Tulipofika Thane, katikati ya njia ya nyumbani, kwenye foleni, akaanza mwenyewe kumsimulia mwanawe, tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida, kama anamweleza alivyopika. Disha alivua visikilizio vyake masikioni. Nanik hakumkatiza hata mara moja. Magari nyuma yetu yalipiga honi tusogee, naye hakumwambia dereva kitu.

Alipomaliza, Nanik alikuwa anatazama mbele, shingo imemsimama. Niliogopa kwamba atakasirika, maana ana hasira za mtu anayependa kuambiwa mambo mapema.

"Kwa hiyo nilikuwa na mama mdogo," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

"Mdogo kweli," Mama akasema. "Alikuwa anafika hapa." Akaonyesha kwa mkono, usawa wa kifua chake alivyokaa, akauacha mkono hapo hewani mpaka foleni ilipoanza kwenda.