Shemeji na Nywele za Watu

Mume wa dada yangu hana nywele. Nalisema hili mapema kwa sababu mwenyewe hulisahau. Utosi wake ulianza kung'aa mwaka uleule aliomwoa dada, na mtoto wao alipofikia umri wa kwenda shule, kilichobaki kilikuwa ukanda mwembamba kutoka sikio hadi sikio, ambao kinyozi aliufyeka huku akiongea na simu. Mtu huyo ndiye aliyejiteua kuwa mwalimu wa nywele wa ukoo mzima.

Wakati huo nilikuwa naishi kwao, chumba cha uani, kwa sababu duka la miwani nililofanyia kazi lilikuwa karibu. Kwa hiyo sihadithii nilichosimuliwa. Niliona kwa macho.

Dada yangu alikuwa na nywele za dawa ya kunyoosha, zilizopita mabega, nzito, zisizokatika. Wanawake walimsimamisha njiani wamuulize siri. Siri haikuwepo. Dawa alipaka kwenye nywele zilizoota upya tu, na hakuwa na papara ya kuirudia. Kila Jumamosi aliziosha, akazipaka stimingi ya kuzilainisha, akakaa na mfuko wa nailoni kichwani akisoma gazeti. Ncha zikichakaa alizikata bila kulia. Usiku alijifunga kitambaa cha satini. Basi. Waliokuwa wakimuuliza waliondoka wamenuna, kana kwamba amewaficha chupa.

Sasa shemeji, ambaye kazi yake ni kupokea madai ya watu kwenye ofisi ya bima, alitazama video fulani kwenye simu wakati wa chakula cha mchana. Video moja. Jioni alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyetumwa na malaika.

"Kuanzia leo," alisema kabla hajavua viatu, "nyumba hii ni ya nywele asilia."

"Nyumba ina nywele?" dada akamuuliza.

"Usilete mzaha, Mama Chiriku. Hiyo dawa ni sumu. Ni utumwa wa akili. Mwanamke anayejitambua haogopi alivyoumbwa."

Chiriku ni binti yao. Tulimwita hivyo kwa sababu akiamka mdomo unaamka naye. Nywele zake hazikuwa zimeguswa na dawa hata siku moja; zilikuwa nyingi, laini, zimejisokota vizuri, na mama yake ndiye aliyezitunza. Lakini baba yake alianza kumwonyesha kwa wageni kama vile amezifuma yeye.

Sina ugomvi na nywele asilia. Nina marafiki waliozifuga hadi zikafika mgongoni, kwa akili yao na mikono yao. Ugomvi wangu ni na mtu ambaye hajawahi kushika chanuo, halafu anawahutubia wenye vichwa.

Dada alikubali kuacha dawa. Aliniambia alikuwa amelifikiria muda mrefu, na pia alitaka kula chakula chake kwa amani. Amani hakuipata. Nywele zikiwa za aina mbili, mpya zimejikunja na za zamani zimenyooka, hukatika pale zinapokutana, na dada alilijua hilo. Alizisuka, akazipunguza ncha kidogo kidogo, akangoja. Shemeji ndiye aliyeshindwa kungoja. Kila asubuhi alimzunguka mkewe kwenye kiti kama fundi anayekagua ukuta.

"Mbona hazirefuki? Wenzako kwenye video zimeshafika hapa."

Akaleta maji ya vitunguu. Akaleta maji ya mchele, akayasahau kwenye jokofu hadi yakachacha na kutia harufu kwenye maziwa. Akamwambia mama yake mzazi kwamba ana mpango wa kufungua darasa. Na bibi yule, ambaye kwa kawaida ana busara, alimwamini, maana mtoto ni wake.

Kisha dada akasafiri kikazi. Yeye hukagua maghala ya dawa za hospitali, na safari hii ilikuwa ndefu kidogo. Alipokuwa akifunga mkoba aliniomba nimshughulikie Chiriku kichwa. Shemeji akadakia.

"Mtoto wangu nitamchana mwenyewe. Nyinyi mnaifanya kazi hii ionekane ngumu ili mpate sifa."

Dada alinitazama, mimi nikatazama dari.

Jumapili shemeji alimkalisha mtoto kati ya magoti yake. Nywele zilikuwa kavu. Hakutia maji, hakutia mafuta, hakuzigawa. Alichukua kitana chenye meno membamba, kile cha kuchania ndevu, akakichomeka moja kwa moja kwenye shina na kuvuta. Chiriku alipiga yowe mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Shemeji, loanisha kwanza," nilimwambia. "Uanzie kwenye ncha, ukipanda juu. Nipe nikusaidie."

"Niachie, shemeji. Nina utaratibu wangu."

Utaratibu wake uliishia kitana kilipovunjika na meno yake kubaki kichwani kwa mtoto. Niliyatoa moja moja baadaye, shemeji akiwa amejitia kutazama habari. Kutwa nzima iliyofuata Chiriku alivaa kofia ya sufu, na jua lilikuwa kali.

Jumamosi yake nilirudi kutoka dukani nikamkuta amekaa kwenye kochi, kitambaa kichwani, amenyamaza. Chiriku kunyamaza ni jambo la kumwita daktari. Nilipomfungua, harufu ya dawa ilinipiga puani. Nywele zilikuwa zimelala kama karatasi iliyonyeshewa, na nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa maji.

"Baba alinipeleka kibanda cha saluni pale kona," alinong'ona. "Iliwasha, nikasema inawasha, yule dada msusi akasema nivumilie nipendeze. Baba alikuwa nje anaongea na simu."

Nilimwosha tena kwa maji mengi, nikampeleka zahanati. Muuguzi akampaka dawa ya kidonda, na mimi akanisema vikali, akidhani ndiye mama mzembe. Maneno yale nilikuwa namtunzia mwenyewe.

Shemeji nilimkuta mlangoni.

"Ni ya watoto," alisema kabla sijafungua mdomo. "Imeandikwa kwenye kopo kwamba ni laini. Nilitaka zichanike tu."

"Sumu imekuwa laini?"

Aliinama kufungua kamba za viatu.

"Mkeo anarudi kesho. Utamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Kesho yake mama yake na shangazi zake walikuja kula, na dada alipoingia na mkoba wake, shemeji alikuwa katikati ya mazungumzo, kidole juu, akiwaeleza wanawake watu wazima namna nywele zinavyopumua. Sikuamini masikio yangu. Chiriku, ambaye kidonda kilikuwa kinamwasha, alivua kitambaa chake na kujikuna. Vishungi viwili vya nywele vikabaki mkononi mwake.

"Nani kamfanya hivi mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Baba," Chiriku akasema. "Nywele zangu zilimshinda."

Shemeji alianza kutaja hali ya hewa. Nasema kweli, alitaja hali ya hewa, na ubora wa maji ya bomba. Mama yake alimwambia, "Kaa chini," akakaa.

Dada hakupaza sauti. Alimkagua mtoto kichwa kwa vidole, taratibu, kisha akamweka mapajani na kumwuliza kama anataka zikatwe zote, zote kabisa, zianze upya. Chiriku akauliza kama zitarudi. Akaambiwa zitarudi. Akakubali. Dada alimkata mwenyewe palepale kwa mkasi, mbele ya wageni, akikwepa kidonda, machozi yakimdondoka kwenye ncha ya pua. Shemeji ndiye aliyepewa ufagio.

Wiki iliyofuata dada alikwenda saluni akaweka dawa kwenye nywele zake. Nilimuuliza kwa nini, baada ya taabu yote ile.

"Nazipenda hivi," alisema. "Chiriku akikua atachagua zake."

Shemeji alipomwona alikwenda kuosha gari lililokuwa safi.

Leo nywele za Chiriku zimefika mabegani, hazijaguswa tena na dawa, ingawa nyuma ya sikio pana kidoa ambapo hazioti sawasawa. Jumapili ni zamu ya baba yake kumwosha na kumchana. Dada alimfundisha, na humsimamia. Anazigawa mafungu, analoanisha, anaanzia kwenye ncha. Nitakuwa mwongo nikisema hajui. Anajua. Mtu yeyote angejua, angeuliza tu.

Watu wa ofisini kwake wananiambia siku hizi anafundisha usingizi. Amenunua mto maalumu, na amewaambia wenzake wote kwamba wanalala vibaya.