Hapana Moja kwa Kila Kiwanja

Mke alichora, mume akachimba. Ndivyo walivyojenga viwanja vya gofu tangu waoane: yeye na penseli zake, mumewe juu ya tingatinga, hata vibarua wakasahau jina lake na kumwita Tinga. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa wabishi wa kuzaliwa, walijiwekea sheria, la sivyo ndoa ingevunjika kabla ya shimo la tatu. Kila mmoja alikuwa na hapana moja kwa kila kiwanja. Ukiitamka, mwenzako anatii. Ukishaitumia, basi tena, unaloambiwa ndilo unalofanya.

Kwenye kile kiwanja cha ziwani, Tinga aliitumia yake mapema, tena kwa utani. Mkewe alikuwa amechora choo cha wachezaji chenye nguzo nne na kuba.

"Hapana!" akasema Tinga, anacheka mpaka machozi. "Watu wanaenda kujisaidia, mama, hawaendi kuapishwa urais."

Wakacheka wote wawili, na choo kikaezekwa bati.

Kisha wakafika shimo la mwisho. Kati ya ziwa na zulia, ndivyo walivyoiita ile nyasi fupi inayozunguka shimo, palikuwa na nundu ya ardhi yenye mawe na vichaka. Haikuwa na sura, maskini. Mke aliketi barazani kwenye jengo la wachezaji, akafumba jicho moja, akaiona picha nzima: nyasi, maji, anga. Nundu tu ndiyo iliyomharibia.

"Ikatwe," akasema.

Tinga akashuka kwenye mashine, na hakuwa mtu wa kushuka ovyo. "Mama, hii tungeiacha kidogo. Mimi nilitaka..."

"Hapana yako iko chooni, baba," akamkata kauli.

Vibarua wakaangua kicheko. Tinga akapanda mashine. Hadi jioni nundu ilikuwa imelala chini, na ziwa linang'aa hadi barazani.

Siku ya ufunguzi wageni walipiga picha mpaka wakachoka. Mke alivimba kichwa, na nani asingevimba? Kiangazi kilipoingia, upepo wa ziwani ukavuka pale palipokuwa na nundu, ukalikausha zulia likawa la njano kama mkeka uliosahaulika juani. Wakamwagilia, wakapanda upya, wapi! Tinga akarundika udongo mwingine palepale, na mvua ya kwanza ikaubeba wote. Kumbe nundu ile isiyo na sura ndiyo iliyokuwa ikiukinga upepo.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kukaa. Kila mke alipofumba macho alisikia ile sentensi aliyoikata katikati. Mwishowe, mezani, akamwuliza mumewe: siku ile alitaka kusema nini?

Tinga akatafuna taratibu. "Hata sikuwa na sababu. Nilitaka tupande tule chakula cha mchana juu yake, kama tunavyofanyaga. Basi."

Hilo lilimchoma kuliko lawama yoyote. Wangepanda, upepo wenyewe ungewaambia, ungewapeperushia hata mkate. Yeye alikuwa na haraka ya kuchekesha vibarua.

Kazi iliyofuata ilikuwa mlimani. Asubuhi ya kwanza mke akamwambia, "Safari hii una hapana mbili. Ukitaka, chukua na yangu ziwe tatu."

"Ahsante, mama."

Lakini Tinga hakuitumia hata moja. Njia ya kwanza, sawa. Mchanga kushoto, sawa. Mti ukatwe, sawa, mama. Mke akaanza kuogopa. Akachukua vibendera vya kuonyesha bwawa, akavichomeka makusudi kwenye mteremko mkali, mahali ambapo hata mbuzi angeomba ashikwe mkono. Maji yasingekaa pale hata kwa dawa, na kila mtu aliliona hilo. Akasimama kando. Alikuwa tayari kutukanwa. Alitamani kutukanwa.

"Unaonaje, baba?"

Tinga akavitazama vibendera, kisha akamtazama yeye. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Sawa, mama."

Akawasha injini. Ubao wa tingatinga ukashuka, ukagusa nyasi.

"Hapana!" mke akapiga kelele. "Hapana, hapana!"

Tinga akazima injini, akaweka mikono magotini, akasubiri aambiwe achimbe wapi.