Udongo wa Ikulu

Walioijenga upya ikulu ya mtemi, upande wa Ipole, walimtafuta bibi yangu Josepha kwa udi na uvumba. Ndiye binti pekee wa mtemi aliye hai, na hakuna mwingine aliyekumbuka nyumba ipi ilisimama wapi. Tukatoka naye nyumbani kwake Mtendeni, mimi nikimshika mkono, yeye akinisonya kila nilipomwambia apumzike.

Alionyesha vyote: nyumba ya mtemi, ya mke mkubwa, ya ngoma, maghala. Tulipofika nyuma, kwenye vichaka, Festo, fundi mkuu, akauliza, "Na hapa, bibi?"

"Hapa palikuwa wazi."

Njiani kurudi ndipo aliponiambia. Pale ilikuwa nyumba ya mama yake. Bibi mwenyewe, akiwa ameolewa, alirudi hapo kwao kujifungua mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Mtoto hakumaliza wiki, akazikwa upenuni mwa nyumba ile, walikozikwa watoto wachanga. Angeitaja nyumba, wangechimba msingi.

"Si ungewaambia tu kuna kaburi?" Nilikuwa nimekasirika. Mke mzima wa mtemi alikuwa amefutwa mchana kweupe, na aliyemfuta ni mwanawe wa kumzaa.

"Mtoto mchanga haliliwi mbele za watu, mjukuu wangu. Siku ile nilikatazwa kumlia. Leo nikamtangaze kwa mafundi?"

Nikamshika mkono tena, tukaendelea na njia.

Tulirudi kiangazi, kuta zimeshasimama, nyekundu, nzuri kweli. Bibi hakuzitazama. Alipitiliza hadi nyuma, nami nikamkuta ukingoni mwa shimo kubwa.

Festo akaja mbio, furaha tele. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba."

"Tulitakiwa kufyatua matofali kwa udongo wa hapahapa, kama ya zamani. Kwa vile ulisema palikuwa wazi, tukachimba hapa. Udongo mzuri ajabu, hakuna tofali lililopasuka."

"Udongo huo umekwenda ukuta gani?"

"Ah, bibi, tulichanganya. Uko kote."

Nilitamani kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kumpiga.  Bibi alirudi langoni, akaweka kiganja kwenye tofali la kwanza, kisha la pili, akaendelea hivyo kuufuata ukuta, polepole, midomo ikimcheza.

"Bibi kaupenda ukuta wetu," Festo akaninong'oneza, naye mwenyewe machozi yakimlengalenga.